Kupanda mikoko na vijana: dhana tunazozisikia kila mwaka

Inapokaribia tarehe 26 Julai, Siku ya Mikoko Duniani, maombi huwa yale yale: andaeni miche elfu tano, tunaleta vijana Jumamosi. Hakuna anayeuliza Jumamosi hiyo maji yatakupwa saa ngapi.

Dhana: Kijana akishapanda mche, ameitumikia jamii.

Ukweli ni kwamba kupanda ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, na haimfundishi mtu lolote akiondoka siku hiyo hiyo. Mahali pakiwa patupu pana sababu: tuta limeziba maji, mifugo inapita, au ni fungu la mchanga linalofunikwa na bahari muda mrefu mno. Waacheni vijana waitafute sababu hiyo wenyewe. Waende wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, waone yanafika wapi, warudi wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, wawaulize wavuvi wazee mikoko ya pale ilikuwa ya aina gani. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hukaa mbele baharini, mkoko wenyewe, aina iliyobeba jina la wote, kwenye tope laini nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Wengi hupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kuokota, na ndiyo maana inakufa.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina shingo ya manjano na huachia tunda ikivutwa kidogo. Yenye tundu la mdudu itupwe. Ncha ielekee chini, theluthi moja iingie topeni, nafasi iwe mita moja hadi mbili. Ikikaa juu juu, wimbi linaing'oa.

Kisha ije kazi inayomkuza kijana hasa: kuhesabu. Wagawanyeni watano watano, kila kundi na kipande chake chenye vigingi na daftari lake. Wahesabu baada ya mwezi 1, 3, 6 na 12: mingapi hai, mingapi imekufa, na kimeiua nini. Kaa hukata shina karibu na tope, mbuzi hula kilele, takataka za plastiki huulaza mche. Msichana wa miaka 17 akisimama na daftari lake mbele ya wazee wa chama cha wanajamii wanaotunza msitu, akaeleza kwa nini nusu ya kipande chake imekufa na anataka kibadilishwe nini, hapo amejifunza uongozi. Msimsahihishie hesabu kabla hajasimama. Tafadhali sana.

Dhana: Kujitolea ni kwa asiye na kazi.

Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kwale, ulioanza 2013, unauza kaboni, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yake yamegharimia maji na shule. Biashara hiyo inasimama juu ya vipimo vya miti, kwa hiyo anayejua kupima na kuandika ana ujuzi wenye soko.

Dhana: Kazi ya jamii ni adhabu.

Kenya ina sheria ya 1998 inayoruhusu mahakama kumpa mkosaji amri ya kutumikia jamii badala ya kifungo. Hilo ni jambo jingine kabisa. Shule zinazowatuma watoro kufagia ufuko ndizo zinazouchanganya umma.

Dhana: Nauli na chakula huua moyo wa kujitolea.

Bila nauli watakuja wanaojiweza tu. Lipeni nauli halisi, wekeni uji na maji ya kunywa, na mweka hazina awe kijana mmoja wao, abadilishwe kila baada ya miezi 6, asome matumizi mbele ya wote.