Usaha ukikauka si kupona

"Kaka, nipe za rangi mbili. Sita tu."

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa karibu na mwalo wa Kibirizi, Kigoma, muda wa kutosha kumjua mwanaume anayeumwa mkojo kabla hajasema neno. Husubiri wateja wengine waondoke. Huulizia dawa ya kichwa asiyoihitaji. Kisha huinama dirishani na kuomba rangi mbili, yaani kapsuli yoyote ile ya antibaiotiki. Kashajipima, kashajiandikia, na dozi kaipunguza kulingana na mfuko. Siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na wavuvi wakabaki nchi kavu, huwaona zaidi. Lakini nimeshawahudumia pia walimu na wazee wenye heshima zao, na maneno yao ni yaleyale.

"Ni yutiai tu."

Jina hili la maambukizi ya njia ya mkojo limekuwa kanzu, linafunika kila kitu. Mrija wa mkojo wa mwanaume ni mrefu, kwa hiyo kijana mzima hapati yutiai kirahisi kama mwanamke. Akiungua anapokojoa, akiwashwa ndani ya uume, akikuta doa kwenye chupi asubuhi, cha kufikiria kwanza ni maambukizi ya mrija wenyewe, na mara nyingi yameingia kwa ngono. Kisonono hakina subira: siku 2 hadi 5 tu, usaha mzito wa njano au kijani. Klamidia huja polepole, wiki 1 hadi 3, kwa ute mwepesi au bila dalili yoyote. Wapo pia vijidudu vingine vya ngono, trikomonasi na maikoplazima. Kwa macho huwezi kuapa ni kipi, na mtu mmoja anaweza kuwa na viwili kwa pamoja.

Ukiona damu mwishoni mwa mkojo, hilo ni jambo jingine. Mwambie tabibu, maana huenda akatafuta kichocho.

"Nimeokota chooni." "Ni jua." "Ni ngiri."

Choo cha stendi kimesingiziwa vya kutosha. Vijidudu vya kisonono havidumu nje ya mwili. Jua kali na kutokunywa maji hufanya mkojo uwe mzito na uchome kidogo, lakini sijaona jua linalotoa usaha. Ngiri ni utumbo kuchomoza kinenani, nao hautoi usaha.

"Nilipima mkojo, nikaambiwa safi."

Hapa huwa nauliza: ulikojoaje? Kwa kipimo cha yutiai huambiwa mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati. Kwa mrija ni kinyume chake. Mkojo wa kwanza kabisa ndio unaosomba vijidudu vilivyokaa njiani, kwa hiyo ukiumwaga umemwaga ushahidi. Na kama ulikojoa ukiwa kwenye foleni, mrija umeshaoshwa. Kaa angalau saa moja bila kukojoa, mbili ni bora, ndipo utoe sampuli. Usaha ukiwepo, huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba na kutazamwa kwa darubini. Chembe nyeupe za damu zinaonekana, vijidudu vya kisonono navyo vinaonekana. Klamidia haionekani hivyo. Yenyewe inataka kipimo cha vinasaba, ambacho si kila kituo kinacho.

Ndiyo maana tabibu akiona usaha hukutibu kisonono na klamidia kwa mpigo bila kusubiri majibu. Watu hunirudia wakilalamika, "amekisia tu." Hajakisia, amefuata mwongozo. Akikuomba upime VVU na kaswende siku hiyohiyo, kubali, kwa sababu mlango uliopitisha kimoja unaweza kupitisha na vingine.

"Nimemeza mbili tatu, umekauka."

Hii ndiyo inayoniudhi, na nakiri miaka ya mwanzo na mimi nilikuwa nauza hizo mbili tatu. Usaha unaweza kukauka wenyewe hata usipomeza kitu, huku vijidudu vimebaki palepale. Sipro, antibaiotiki iliyokuwa ikiaminika, sasa visonono vingi haviisikii. Siku hizi hutumika sindano ya seftriaksoni, na kwa klamidia doksisaiklini, mara mbili kwa siku kwa siku 7 kamili. Mjamzito hapewi doksi, ana dawa yake. Ukikatiza dozi, ugonjwa unaweza kushuka hadi korodani zikavimba, au mrija ukaweka kovu na mkojo ukatoka kama uzi. (Korodani ikiuma ghafla, hasa kwa kijana, usingoje kukuche. Huenda imejisokota, na baada ya kama saa 6 inaweza isiokoke.)

"Mke wangu haumwi, mwacheni."

Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote, huku mirija yao ya uzazi ikiharibika kimyakimya. Mtoto naye anaweza kuambukizwa macho wakati wa kuzaliwa. Ukitibiwa peke yako utaupokea tena usiku wa kwanza. Wote mnatibiwa, na mnakaa bila kukutana hadi siku 7 zipite baada ya dawa za wote.

Yule wa kapsuli sita sikumuuzia. Nilimwambia aende kituo cha afya.

"Watasema nimlete mke, kaka."

"Watasema, mdogo wangu. Lakini hawatamfuata na pingu. Watakupa karatasi umpelekee."

Aliondoka amenuna, nikajua kaenda duka la pili. Baada ya siku nne akarudi, mchana, watu wamejaa kaunta. Hakusubiri waondoke. Aliweka vyeti viwili juu ya kioo, vyote vya doksi, kimoja kina jina la mwanamke.

"Zihesabu vizuri, kaka. Ziwe ishirini na nane."