Antibiotiki Bila Cheti: Sheria Inasemaje Dukani

Kila inapokaribia Wiki ya Uhamasishaji kuhusu Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa (UVIDA), inayoadhimishwa duniani tarehe 18 hadi 24 Novemba, malalamiko huongezeka: wauzaji wa dawa wamekuwa wagumu, wakaguzi wanawatisha, wagonjwa wanarudi mikono mitupu. Mengi yanatokana na kutoijua sheria.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, inaipa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) jukumu la kusajili dawa na kudhibiti ubora wake. Sheria ya Famasi, Sura 311, inalipa Baraza la Famasi usimamizi wa wanataaluma na maduka. Antibiotiki ni dawa za cheti, yaani za kuandikiwa na tabibu. Duka la Dawa Muhimu (DLDM) lina orodha yake fupi. Amoksilini imo, seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, haimo. Mpango wa maduka hayo ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili walio mbali na famasi wapate dawa muhimu, haukuanzishwa uwe mlango wa nyuma wa kila dawa. Kwa hiyo mama anayeambiwa "hiyo haturuhusiwi" hajanyanyaswa. Wa kulalamikiwa ni yule anayeitoa chini ya meza.

Mkaguzi akifika huonyesha kitambulisho, kisha huomba kibali cha duka, cheti cha mtoa dawa, ankara za manunuzi na daftari la kumbukumbu, na kulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Dawa isiyoruhusiwa huhesabiwa mbele ya mwenye duka na kuandikwa kwenye fomu: jina, nguvu, namba ya toleo, idadi. Pande zote husaini, na nakala hubaki dukani. Baada ya hapo duka linaweza kufungwa, kibali kusitishwa au kufutwa, na shauri likifika mahakamani, adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Muuzaji anayekukatalia analinda afya yako na kazi yake pia.

Tunaambiwa sheria hizi zinawanyima maskini dawa. Hapana. Kinachowaumiza ni dozi isiyotimia. Mtu mzima aliyeandikiwa amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku tano, anahitaji vidonge 30 vya miligramu 250, zile rangi mbili. Anakuja na hela kidogo, muuzaji anachukua mkasi, anakata pakiti, anamfungia vidonge 6 kwenye karatasi. Tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo zimebaki kwenye kipande kingine. Hiyo ni dawa ya siku moja! Akipata nafuu kesho ataacha, na vimelea vilivyobaki ni vile vilivyoivumilia dawa.

Mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Ndiyo maana Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliahidi kupunguza vifo vinavyohusishwa nao kwa asilimia 10 ifikapo 2030.

Wafugaji nao: kuwawekea kuku wazima antibiotiki kwenye maji ili wakue haraka kuachwe. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa hizo kama kichocheo cha ukuaji tangu 2006. Kuku akitibiwa, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai au nyama.

Ukiuziwa dawa kinyume cha utaratibu, usiitupe. Ipeleke na risiti yake kwa mfamasia wa halmashauri yako, au kwenye ofisi ya kanda ya TMDA. Kama hukupewa risiti, eleza duka lilipo na siku uliyonunua.