Jarida la sera likihaririwa na wanafunzi: yanayosemwa na yalivyo

Mtajie mtu wazo la jarida la sera za umma linalohaririwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu hapa Dar es Salaam, utasikia mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kwamba hawataweza, na kwamba kazi yenyewe ni kusahihisha Kiingereza tu. Mara nyingi wanaosema hivyo hawajawahi kukaa na makala ya kurasa 30 yenye majedwali tisa, mwandishi wake hajibu barua pepe, na toleo linatakiwa litoke mwisho wa mwezi. Hayo mawili na mengine yanayosemwa yamewekwa hapa chini kwenye alama za nukuu, na kila moja linafuatiwa na yalivyo.

"Wanafunzi hawawezi kuhariri jarida la maana"

Marekani, majarida makubwa ya sheria ya vyuo vikuu yako mikononi mwa wanafunzi tangu karne ya 19. Harvard Law Review lilianza mwaka 1887, na hadi leo maprofesa na majaji wanapeleka kazi zao zikachambuliwe na vijana ambao bado wako darasani. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi walianzisha jarida la Cheche mwaka 1969, na mwaka uliofuata likachapisha uchambuzi mrefu wa msomi wa sheria Issa Shivji kuhusu matabaka nchini. Lilifungiwa Novemba 1970, na kilichosababisha ni siasa zake.

Hata hivyo mifano hii isitumike kujidanganya. Majarida yale hayakujengwa juu ya mapitio ya wataalamu wasiojua jina la mwandishi, na jarida la leo linalotaka kuitwa la kitaaluma litaulizwa hilo kwanza. DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bure, inalitaka jarida la wanafunzi liwe na bodi ya ushauri yenye watu wasiopungua wawili wenye shahada ya uzamivu. Pia inapima ni makala ngapi zimeandikwa na watu wa ndani: katika toleo moja, makala zenye jina la mhariri, mjumbe wa bodi au mpitiaji zisizidi asilimia 25. Toleo la makala nane lina nafasi ya makala mbili tu za namna hiyo. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Toleo la kwanza hujazwa na kazi za wahariri wenyewe na wasimamizi wao kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu, kisha ombi linakataliwa na hakuna anayeelewa kwa nini.

"Kuhariri ni kusahihisha lugha"

Lugha huja mwisho. Ukianza na nukta na mikato utapoteza wiki nzima kunyoosha aya ambayo baadaye itafutwa. Mpangilio unaofaa ni huu: kwanza swali la makala na kama limejibiwa, kisha ushahidi, kisha mapendekezo, kisha mpangilio wa sehemu, ndipo sentensi na marejeleo.

Kwenye ushahidi, mhariri ashike kikokotoo. Chukua umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2011/12 ulitoa asilimia 28.2, na ule wa 2017/18 ulitoa asilimia 26.4. Mwandishi ataandika kwamba umaskini "umepungua kwa asilimia 1.8". Hapana, umepungua kwa pointi 1.8 za asilimia. Ukitaka kupungua kwa uwiano, gawa 1.8 kwa 28.2, utapata takribani asilimia 6.4. Bado kuna swali la tatu ambalo makala nyingi hulikwepa: idadi ya watu iliongezeka katika miaka hiyo, kwa hiyo kiwango kushuka hakumaanishi kwamba idadi ya maskini imeshuka kwa kasi hiyo hiyo, au kwamba imeshuka kabisa. Mhariri asiyeuliza hayo amesoma sentensi, hajasoma hoja.

Kosa la pili linahusu jiji letu lenyewe. Makala za makazi na usafiri bado zinaandika kwamba Dar es Salaam inakua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha kati ya sensa ya 2002 na ya 2012. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 na ya 2022 ikahesabu 5,383,728, yaani ukuaji wa takribani asilimia 2.1 kwa mwaka. Makala inayokadiria mahitaji ya maji ya mwaka 2040 kwa kiwango cha zamani itakuja na jiji ambalo halipo. Marejeleo yatakuwa sahihi, ukurasa utakuwa sahihi, na hitimisho litakuwa kosa.

Halafu mapendekezo. Hapa ndipo jarida la sera linapotofautiana na la uchumi au sosholojia, na ndipo uvivu unapoonekana zaidi. Sentensi ya kawaida inayoletwa: "Serikali ifanye jitihada za kuboresha usafiri wa umma." Hakuna ofisa atakayeifanyia chochote. Mrudishie mwandishi na maswali manne pembeni: nani, afanye nini, kwa mamlaka au fedha ipi, na kufikia lini. Ikirudi inaweza kusomeka hivi: "Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) uweke kwenye mkataba na mtoa huduma idadi ya chini ya mabasi yanayopaswa kuwa barabarani kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na utangaze kila robo mwaka kama idadi hiyo imefikiwa." Mtu anaweza kulipinga pendekezo hilo, na kwa sababu hiyo linafaa. Lile la kwanza halipingiki kwa kuwa halisemi kitu.

"Ukifuta jina ukurasa wa kwanza, mwandishi amefichika"

Jina hubaki sehemu nyingine kadhaa. Liko kwenye taarifa za faili la Word, kwenye maoni ya pembeni na masahihisho yaliyofuatiliwa, na hata kwenye jina la faili lenyewe. Ukibadilisha faili kuwa PDF bila kusafisha, jina linaweza kuhamia huko. Kisha kuna yale yaliyo ndani ya maandishi: shukrani kwa msimamizi, namba ya ruzuku, na sentensi za aina ya "kama tulivyoonyesha katika utafiti wetu wa 2021". Mwombe mwandishi alete mafaili mawili tangu mwanzo, moja la ukurasa wa jina na moja la makala tupu, kisha wewe mwenyewe ukague la pili kabla halijatoka.

Hata baada ya usafi huo wote, watafiti wa sera hapa mjini wanajuana. Mtu aliyewahi kukaa kwenye semina za taasisi za utafiti kama REPOA au ESRF anaweza kumtambua mwandishi kwa mada na kata alizochagua. Kwa hiyo fomu ya mpitiaji iwe na swali la wazi: je, unadhani unamjua mwandishi, na je, mna uhusiano wa kikazi? Mpitiaji asitoke idara moja na mwandishi, na asiwe msimamizi wake.

Kupata ripoti mbili za wapitiaji kwa makala moja, alika watu watano au sita kwa zamu, usiwamwagie wote barua siku moja. Wape siku 21. Angalia kalenda ya chuo kwanza, kwani barua inayofika wakati wa kusahihisha mitihani italala.

Kuna ugumu ambao vitabu vya uhariri vya Ulaya havina: mwanafunzi anamkumbushaje profesa? Heshima haizuii tarehe. "Shikamoo Profesa. Nakukumbusha kwa heshima ripoti ya makala namba 14, iliyotarajiwa Ijumaa iliyopita. Kama nafasi imebana, tafadhali nijulishe kufikia Jumatano ili bodi itafute mpitiaji mwingine." Inatosha. Profesa akiwa ndiye mwandishi na makala yake imekataliwa, barua itoke kwa jina la bodi ya uhariri, ikiwa imebeba ripoti za wapitiaji, na nakala imfikie mshauri wa kitivo. Kijana mmoja asiachwe peke yake na barua ya namna hiyo, hasa kama profesa huyo huyo ndiye atakayesahihisha tasnifu yake.

"Ukipinga takwimu za serikali, wahariri watafungwa"

Hofu hii ina historia. Marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu ya 2015 yalifanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazokusudiwa kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Wapo wanaoendelea kukata majedwali kwenye makala kwa kumbukumbu ya 2018. Kinachohitajika ni umakini. Matokeo ya utafiti wa mtu binafsi yasiitwe takwimu rasmi, chanzo na ukubwa wa sampuli viandikwe chini ya kila jedwali, na dodoso litunzwe pamoja na faili la makala.

Kibali cha utafiti kiombwe siku makala inapoletwa, kiwe cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) au cha chuo chenyewe, na kwa utafiti wa afya kibali cha maadili, mathalani cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Ukisubiri hadi makala ikubaliwe utakuta hakipo, na kibali hakitolewi kwa tarehe ya nyuma.

"Turnitin ikisema asilimia 9, makala ni safi"

Asilimia inayotolewa na programu ya Turnitin inapima maandishi yanayofanana na yaliyokwishaandikwa kwingine, haipimi wizi. Asilimia 9 inaweza kuwa kurasa mbili zilizonyanyuliwa nzima kutoka sehemu moja. Asilimia 30 inaweza kuwa orodha ya marejeleo, vifungu vya sheria na majina marefu ya wizara. Ondoa marejeleo na nukuu kwenye hesabu, kisha fungua kila kipande kilichotiwa rangi. Usisahau pia kwamba aya iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili inaweza kupita bila kuguswa, na hiyo hukamatwa na msomaji anayeijua mada.

"Tuna ISSN, basi jarida limeidhinishwa"

ISSN ni namba ya utambulisho wa jarida, tarakimu nane, ya mwisho ikiwa ya kuhakiki nyingine na wakati mwingine ni herufi X. Haisemi lolote kuhusu ubora. Toleo la karatasi na la mtandaoni huchukua namba tofauti. DOI, namba inayopewa kila makala mtandaoni, nayo ni hivyo hivyo: ni anwani ya kudumu kwa sharti kwamba mtu anaihuisha jarida linapohama tovuti. Wengi huiacha kwa kudhani ni ghali, ilhali tangu Januari 2023 Crossref, shirika linalosajili DOI, lina mpango unaoyaondolea ada mashirika ya nchi za kipato kidogo, na Tanzania imo.

"Watunga sera watasoma makala yenyewe"

Makala ya maneno 8,000 haisomwi na mtu mwenye kikao saa nne. Atasoma muhtasari wa sera wa kurasa mbili hadi nne, na atausoma ukimfikia wakati bado ana la kuamua. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mkutano wa bajeti wa Bunge huanza Aprili kule Dodoma, na kabla yake kamati huwa zimekwishaanza kupitia makadirio. Wizara zimeandaa makadirio hayo miezi kadhaa nyuma. Toleo maalumu kuhusu bajeti ya elimu likitoka Juni linakuta hotuba imeshachapwa. Muhtasari uwe mezani kwa maofisa wa mipango kufikia Novemba au Desemba, na uwafikie wabunge wa kamati husika kabla ya Machi. Ukirudi nyuma kutoka hapo, makala zinatakiwa ziwe zimeshaingia kwa wapitiaji mwezi Mei au Juni.

Kila makala pia iwe na ikisiri ya Kiswahili ya maneno 200 hadi 250, ikiandikwa na mtu anayeielewa hoja. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, na vikao vya halmashauri haviendeshwi kwa Kiingereza cha majarida yetu.

"Likishakuwa mtandaoni, limehifadhiwa"

Shahada ya uzamili kwa kawaida ni miaka miwili au chini ya hapo, kwa hiyo kila mwaka sehemu kubwa ya wahariri wanaondoka. Jarida hufa kwa mambo madogo sana: kikoa (anwani ya tovuti) kilicholipiwa kwa simu ya mtu aliyekwenda Mwanza kufanya kazi, nywila iliyobaki kwenye kompyuta mpakato ya mhariri mkuu wa zamani, barua za waandishi zilizokwenda kwenye anwani yake binafsi. Tumia anwani ya chuo isiyo na jina la mtu. Weka jarida kwenye seva ya chuo kwa programu ya kuendeshea majarida ya OJS, ambayo ni ya bure, na lisajiliwe kwenye mtandao wa uhifadhi wa PKP, watengenezaji wa OJS, ili nakala zibaki hata seva ikizimwa. Nywila za juu ziwe kwa watu wawili, mmoja wao akiwa mtumishi wa maktaba. Wahariri wapya waanze kukaa na wa zamani miezi mitatu kabla ya makabidhiano, wakiwa na makala halisi mkononi, na hati ya makabidhiano ioneshe kila makala iliko: nani anaipitia, tangu lini, na mwandishi ameahidiwa nini.