Kutazama viumbe wa baharini Lamu kwa boti ndogo: dhana potofu na ukweli wake

"Ukitoka mapema utaona kila kitu"

Kinachopanga siku hapa ni maji. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Anayeondoka saa tatu siku hiyo akitaka kupita Mkanda, ule mfereji ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, atakwama matopeni mpaka maji yarudi. Kijito cha kwendea Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, nacho hakipitiki maji yakitoka.

Kwa ndege wa mafunguni, yaani kwenye mchanga unaochomoza maji yakipwa, chagua siku tatu au nne kabla ya mwezi kuandama au kupevuka. Siku hizo maji hufika chini kabisa baina ya saa moja na saa mbili, kisha hujaa asubuhi yote. Tia nanga ukingoni mwa fungu, jua likiwa mgongoni mwako, uzime mashine na utulie. Maji yakipanda, sululu, chamchanga na wenzao husukumwa kidogo kidogo kuelekea ulipo, mpaka unaona jicho la ndege bila darubini. Miongoni mwao mtafute ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla, kisha humchomoa kaa. Huyu huzaliana kwenye mashimo anayoyachimba mchangani, pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika, na wengi huwa kwetu kuanzia Agosti hadi Aprili. Ukimwendea kwa boti, kundi zima huruka. Ndege hawa wana saa chache tu za kula kabla maji hayajafunika chakula chao, kwa hiyo kila mruko wa bure ni njaa.

"Pomboo hupenda kufukuzwa"

Pomboo huja wenyewe kwenye omo, yaani mbele ya boti, wakitaka kucheza na wimbi. Hiyo haina maana kwamba wakiondoka wafuatwe. Baadhi yao huvua usiku na kupumzika mchana; utawajua kwa kuwa huenda taratibu, wamebanana, wakipumua karibu wakati mmoja. Kundi la namna hiyo liachwe.

Ukiwaona, punguza mwendo mapema, ukiwa bado mita mia mbili au tatu. Nenda sambamba nao, usiwakate mbele wala usiwafuate kwa nyuma, na usiwakaribie chini ya mita 50. Boti mbili zinatosha. Ya tatu ingoje mbali. Wakianza kupiga mikia juu ya maji, kubadilisha njia kila mara au kuzama kwa muda mrefu, wamechoka nawe. Geuza usukani. Nahodha anayewazunguka ili abiria wapate picha huishia kuwapa picha za migongo inayokimbia. Kuruka majini katikati ya kundi lenye watoto ni kosa kubwa zaidi.

"Kasa hawezi kufa maji"

Anaweza. Kasa ana mapafu, na akinaswa wavuni chini ya maji hufa kwa kukosa hewa. Akiwa analisha hupanda kila baada ya dakika chache. Akipumzika hukaa chini muda mrefu zaidi. Ndiyo maana juu ya nyasi za bahari, ambako kina ni cha mita chache tu, boti iende polepole na mtu mmoja akae omo akiangalia mbele. Rafadha humpata kasa pale pale anapotoa kichwa. Ukiona kichwa, zima mashine. Akivuta pumzi mara mbili tatu bila kushtuka, huenda akapanda tena jirani.

"Kusi likivuma hakuna cha kuona"

Nyangumi wenye nundu hutoka bahari ya Antaktika na kupita pwani yetu kuanzia Julai hadi Oktoba, na majike huzaa katika maji haya ya joto. Wapo, ila wewe usitoke ovyo. Mlango wa Shela, kati ya Lamu na Manda, hutazama kusini: maji yanayotoka yakikutana na upepo wa kusi, wimbi husimama wima na kukatika, na boti ya mita 7 haina kazi hapo. Subiri mwisho wa Septemba na Oktoba, upepo unapolegea. Tazama pumzi inayorushwa juu kama moshi, kaa mita 100 au zaidi, wala usiingie baina ya mama na mtoto.

Mafuta yagawe mafungu matatu: kwenda, kurudi na akiba. Mkondo ukikupinga hula mafuta kuliko umbali unavyoonyesha. Jaketi la kuokolea ni la kila kichwa, hata ndani ya mifereji.

"Mikoko ni matope na mbu tu"

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Ingia maji yakiwa yamejaa nusu, mashine imeinuliwa, ukisukuma kwa upondo. Mdiria hukaa kwenye tawi la mkoko lililoinamia maji, na ukiingia kimya utamwona akizama na kurudi na samaki.

"Kisiwa kisicho na watu ni cha kushukia"

Visiwa vya mawe matupu vya Kiunga, hifadhi ya bahari tangu 1979, na vya Tenewi, ni mahali pa viota. Wakati wa kusi buabua hutaga juu ya jiwe lenyewe, bila majani. Mzazi akiruka kwa sababu yako, jua hulipata yai lisilo na kivuli na shakwe hulipata kinda. Zunguka kwa mbali.

"Darubini inayokuza zaidi ndiyo bora"

Kwenye boti inayotikisika, mara 12 hukupa picha inayorukaruka tu. Chukua ya mara 7 au 8, yenye lenzi pana.

"Nguva ni nusu mtu, na kwa siku moja utamwona"

Nguva ni mnyama anayenyonyesha, jamaa wa mbali wa tembo, na hula nyasi za bahari. Idadi yake Afrika Mashariki ni ndogo mno, na anayekuahidi kumwona anauza asichonacho. Ukibahatika, kumtambua si vigumu: pua hutokea kwanza, kisha mgongo wa kahawia usio na pezi, kisha mkia uliopanuka kama wa pomboo. Maji yakipwa, mahali alipolisha huonekana michirizi mirefu iliyong'olewa nyasi. Zima mashine, usimsogelee. Andika saa, mahali, kina cha maji, idadi na kama kuna mtoto, ukaipeleke taarifa ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, siku hiyo hiyo.