Soka Marekani haikuletwa na Pelé

Kila ikitajwa soka ya Marekani lazima mtu aseme ililetwa na Pelé alipoenda klabu ya New York Cosmos 1975. Hapana jamani. Angalia mji wa St. Louis kulekule Marekani tu, Olimpiki ya 1904 ilifanyika pale na soka ilichezwa, timu mbili za hapohapo mjini zikafungwa na Galt ya Kanada, moja ikala 7-0 kabisa, ila tayari walikuwa wanacheza. Halafu 1920 timu ya Ben Millers ya mji huohuo ikabeba kombe la taifa. Na ile siku Marekani inaifunga Uingereza 1-0 Kombe la Dunia 1950, watano kikosini walitoka St. Louis, akiwemo kipa Frank Borghi, ambaye kazi yake nyumbani ilikuwa kuendesha gari la maiti.