Je, wajua Rwanda na Burundi zilitokaje kwa Mjerumani zikaingia kwa Mbelgiji? Jibu linaanzia Ziwa Tanganyika

Mwaka 1914 Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa koloni moja la Ujerumani. Miaka mitano baadaye mbili za kwanza zilikuwa zimekatwa na kupewa Ubelgiji. Kwa nini Ubelgiji? Jibu la darasani ni kwamba Ujerumani ilishindwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kweli, lakini Ujerumani ilisalimu amri Ulaya Novemba 1918, na Wabelgiji waliingia Kigali Mei 1916. Tena wakati huo karibu nchi yao yote kule Ulaya ilikuwa inakaliwa na majeshi ya Ujerumani. Taifa lililokwisha kunyang'anywa kwake liliwezaje kuja kukalia nchi za watu katikati ya Afrika?

Tuanze na ziwa lenyewe. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50. Pwani ya mashariki ilikuwa ya Mjerumani, ya magharibi ya Mbelgiji wa Kongo, na ncha ya kusini ya Mwingereza. Barabara za kupitisha jeshi hazikuwapo. Kuwatembeza askari kutoka Kasanga hadi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kulichukua majuma na kulihitaji mamia ya wapagazi. Kwa meli ilikuwa safari ya siku chache. Kwa hiyo mwenye meli ndiye aliyeamua vita vipiganwe wapi, na asiye nayo alikaa akilinda pwani yake bila kujua atashambuliwa lini.

Mjerumani alikuwa amejiandaa. Reli ya Kati, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mapema 1914. Tarehe 22 Agosti mwaka huo, meli yake ndogo Hedwig von Wissmann ilivuka ziwa ikaishambulia Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, na kuiharibu. Kuanzia siku hiyo ziwa lote likawa lake. Baadaye boti ya Kingani ililetwa kwa reli kutoka pwani. Halafu ikaja Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa katika makasha yapatayo 5,000, kisha ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 70, iliweza kubeba askari mamia kwa safari moja, na baadaye ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliookolewa kutoka manowari Königsberg, ile iliyoangamia Rufiji Julai 1915.

Mbelgiji hakuwa na cha kulinganisha na hayo. Aliyepata wazo ni mwindaji Mwingereza, John Lee, aliyekwenda London Aprili 1915 kuwaeleza wakuu wa jeshi la majini kwamba boti ndogo zenye mwendo mkali zingetosha, mradi zifike. Zikapatikana mbili, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Zilipewa majina Mimi na Toutou, na kamanda wake akawa Geoffrey Spicer-Simson.

Simulizi nyingi za vita hivi hukaa sana kwa kamanda huyo, mtu wa majivuno aliyependa kuvaa sketi mbele ya watu. Mimi naona kazi kubwa ilifanywa na wengine. Boti zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ilikoma, na mbele kulikuwa na milima ya Mitumba. Vibarua Waafrika walifyeka njia msituni na kujenga madaraja ya magogo zaidi ya mia moja. Boti zilikokotwa na mashine za mvuke zenye magurudumu, na mashine ziliposhindwa maksai walifungwa, na pale maksai waliposhindwa watu walivuta kwa kamba. Maji ya kulisha zile mashine katika nchi kame yalibebwa vichwani na wanawake wa vijiji vya njiani. Baada ya hapo ukafuata Mto Lualaba, kisha reli nyingine, na mwishoni mwa Oktoba 1915 boti zikafika Lukuga, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie. Majina ya hao waliozivusha hayakuandikwa kokote, ilhali bila wao ziwa lisingebadilisha mkono.

Asubuhi ya 26 Desemba 1915 Kingani ilionekana ikipeleleza pwani ya Lukuga. Mzinga wake ulitazama mbele tu, kwa hiyo boti za Waingereza ziliifuata kwa nyuma. Haikupita robo saa nahodha wake, Luteni Junge, alikuwa ameuawa na boti imetekwa. Ilitengenezwa, ikafungwa mzinga mkubwa zaidi, ikapewa jina Fifi na kuingizwa vitani upande wa pili. Kule Kigoma kamanda Gustav Zimmer hakupata habari yoyote ya uhakika. Februari akaituma Hedwig von Wissmann kuchunguza, na tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliifukuza mpaka zikaizamisha.

Ilibaki Graf von Götzen, na Spicer-Simson alikataa kupigana nayo. Lakini Götzen peke yake haikuweza kulinda ziwa lenye urefu ule, na kadiri majeshi ya Wabelgiji yalivyoanza kusogea nchi kavu, Zimmer aliivua mizinga yake ipelekwe kwa askari wa miguu. Pale penye mzinga mkubwa pakawekwa gogo lililochongwa ili adui aone kama bado upo. Mwezi Julai, ndege za Wabelgiji zikiwa zimeshaidondoshea Kigoma mabomu, Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nzito ili isile kutu. Siku mbili baadaye, 28 Julai 1916, Kigoma ikatekwa. Waingereza waliiibua meli hiyo 1924, na ndiyo MV Liemba tunayoijua.

Wapo wanaoona vita hivi vya boti kuwa kisa cha pembeni, kwa kuwa Wabelgiji waliingia Rwanda kwa miguu wakipitia upande wa Kivu, hawakuvuka Tanganyika. Mimi sikubaliani nao. Jenerali Charles Tombeur alipovusha mpaka askari zaidi ya 10,000 mwezi Aprili 1916, karibu wote wakiwa Wakongo wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, aliweza kufanya hivyo kwa sababu pwani ndefu ya Kongo nyuma yake haikuwa tena hatarini. Mjerumani kwa upande wake hakuweza tena kuhamisha kikosi kwa haraka kutoka kusini kuja kuziba pengo la kaskazini. Kigali ilianguka Mei, Usumbura na Gitega Juni, na Tabora 19 Septemba.

Waliokaliwa hawakuulizwa. Nchini Rwanda, Mwami Yuhi Musinga aliona bendera moja ikishushwa na nyingine ikipandishwa, na katika miaka hiyo hiyo njaa ya Rumanura iliua watu wengi kaskazini magharibi mwa nchi, mashamba na chakula vikiwa vimeliwa na majeshi yaliyopita. Mwaka 1931 Wabelgiji walimng'oa Musinga madarakani, na hatimaye wakampeleka uhamishoni Moba, pwani ya Kongo ya ziwa hilo hilo, alikofia 1944.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Ubelgiji mwanzoni haikuzitaka nchi hizi kwa ajili yake. Ilitaka kuzitumia kama kitu cha kubadilishana, ili mwishowe ipate kutoka kwa Ureno ardhi ya upande wa kusini wa mlango wa Mto Kongo, na meli zake ziingie Matadi, bandari ya Kongo iliyo kwenye mto huo, kwa nafasi. Mpango huo ulishindikana. Katika makubaliano ya 1919 kati ya Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza, Kigoma na Tabora ziliangukia upande wa Mwingereza, na Rwanda na Burundi zikabaki kwa Mbelgiji, ambaye Shirika la Mataifa lilimthibitisha kuwa msimamizi wao. Zilikaa chini yake hadi 1 Julai 1962. Mwaka 1921 alipata tena maeneo yake katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ilipita humo bila ushuru wa forodha.