Lalamiko la unyanyasaji likifika ofisini: namna ya kusoma sera ya chuo chako

Ukipewa sera ya chuo nchini Uganda kuhusu ubaguzi na unyanyasaji, usianzie ukurasa wa kwanza. Kurasa za mwanzo hufanana karibu chuo kwa chuo: maana ya ubaguzi, maana ya unyanyasaji wa kingono, tamko kwamba chuo hakitavumilia. Mimi hufungua nyuma na kutafuta majibu ya maswali manne. Nani anapokea lalamiko? Ana siku ngapi za kulijibu? Nani anateua wachunguzi? Na uchunguzi ukiwa unaendelea, nani atasahihisha karatasi za mlalamikaji?

Swali la nne ndilo zito, na ndilo ambalo sera nyingi hulipita. Kisasi cha mhadhiri ni nadra kuja kama tishio. Huja kama alama za kazi za semesta ambazo hazionekani kwenye mfumo, tasnifu inayokaa mezani miezi mitatu bila kusomwa, au jina linalokosekana kwenye orodha ya mahafali. Kila kimoja kina maelezo ya kawaida, kwa hiyo hakuna anayeweza kukithibitisha peke yake. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anajua hivyo, naye hunyamaza.

Sera iliyoandikwa na watu wanaoelewa hali hii husema wazi: mara lalamiko linapopokelewa, kabla ya uamuzi wowote, usahihishaji unahamishiwa kwa mhadhiri mwingine, msimamizi wa tasnifu anabadilishwa, na agizo hilo linatoka kwa maandishi, nakala ikienda kwa Msajili wa Taaluma. Anayehamishwa ni msimamizi. Mlalamikaji asilazimishwe kubadili somo, kundi au bweni, maana hiyo ni adhabu kwa aliyesema. Hatua hizi hazimtangazi mtuhumiwa kuwa na hatia. Zinaondoa tu kalamu mkononi mwake kwa muda.

Kwa nini nasisitiza sera kuliko sheria ya nchi? Kwa sababu sheria ina pengo. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 21, inakataza ubaguzi, na ibara ya 24 inalinda utu wa mtu. Sheria ya Ajira ya 2006, kifungu cha 7 kama ilivyopitishwa, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono, na kanuni za 2012 zinaeleza utekelezaji wake. Lakini sheria hiyo inazungumzia mfanyakazi. Katibu muhtasi au mhadhiri msaidizi anaweza kwenda kwa afisa wa kazi. Mwanafunzi hana ajira, kwa hiyo mlango huo si wake. Mswada wa Makosa ya Kingono ambao Bunge liliupitisha mwaka 2021 haukupata idhini ya Rais. Wanaotoka Tanzania wamezoea kosa la rushwa ya ngono lililotajwa katika kifungu cha 25 cha sheria yao ya rushwa ya 2007, na hushangaa wanapofika Kampala. Kwa mwanafunzi anayeombwa ngono ili apewe alama, sera ya chuo ndiyo ngao ya kwanza, na mara nyingine ndiyo pekee iliyo karibu.

Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilikuwa na sera yake tangu 2006. Mwaka 2018 Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Barnabas Nawangwe, aliunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza unyanyasaji wa kingono chuoni hapo, na sera ikafanyiwa marekebisho. Badiliko ninalolithamini zaidi ni orodha ya watu 100 ambamo wachunguzi wa kila shauri huchaguliwa. Faida yake ni hii: ukiwa na kamati moja ya kudumu, baada ya mwaka kila mtu anajua wajumbe ni nani, wanakaa ofisi gani, na wanakunywa chai na nani. Orodha ndefu inaruhusu kuchagua watu wasiotoka idara moja na mtuhumiwa. Chuo kidogo kisicho na watu 100 wa kuteua kinaweza kuandika kanuni fupi: hakuna mjumbe kutoka kitivo cha mlalamikaji wala cha mtuhumiwa, na angalau mmoja atoke nje ya chuo.

Sasa maelezo ya mlalamikaji. Barua inayosema "mhadhiri fulani ananisumbua" haichunguziki. Andika tukio moja moja: tarehe, saa, mahali hasa, nani alikuwepo, nini kilisemwa, ulifanya nini, na nini kilifuata. Maneno yaandike katika lugha yaliyotamkiwa. Kama alisema kwa Kiganda, yaandike kwa Kiganda, kisha maana yake chini. Ukitafsiri tu, upande wa pili utadai umeongeza chumvi, na maneno ya kutongoza hupoteza makali yanapohamishwa lugha. Kama hukumbuki tarehe, sema "wiki ya mtihani wa katikati ya semesta, baada ya kipindi cha asubuhi" kuliko kubuni tarehe itakayokuangusha baadaye. Malizia kwa kutaja unachoomba: asahihishe mwingine, akome kukupigia, uchunguzi rasmi. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Bila muhuri, ni vigumu kuthibitisha kwamba zile siku zilizotajwa kwenye sera zimeanza kuhesabika.

Ujumbe wa WhatsApp usiufute hata kama unakuchefua. Picha ya skrini ionyeshe namba ya simu na tarehe. Jina ulilolihifadhi mwenyewe halithibitishi kitu, kwani mtu anaweza kuhifadhi namba yoyote kwa jina lolote. Hamisha mazungumzo yote kwenye barua pepe yako, simu yenyewe itunze. Piga pia picha ya alama zako kwenye mfumo siku hiyo hiyo unayolalamika. Zikibadilika, utakuwa na cha kulinganisha.

Mashauri mengi huharibikia katika usuluhishi. Mkuu wa idara anawaita wote wawili, mlango unafungwa, mhadhiri anaomba radhi kwa mdomo, msichana anaambiwa "yaishe hapa hapa, huyu ni kama mzazi wako". Hakuna karatasi iliyoandikwa. Semesta ijayo anakuja mwingine na lalamiko lile lile, nalo linahesabiwa kuwa la kwanza. Sera iseme kwamba usuluhishi ni hiari ya mlalamikaji peke yake, hautumiki kabisa palipo na shambulio la mwili, na hata ukifanyika, kumbukumbu yake inaandikwa na kuhifadhiwa.

Kosa la upande mwingine ni haraka. Chuo kinachobanwa na magazeti humfukuza mtu kabla hajapewa tuhuma kwa maandishi, hajaona ushahidi, wala hajapata muda wa kujibu. Ibara za 28, 42 na 44 za Katiba zinalinda haki ya kusikilizwa, na mahakama ikiona imevunjwa hutengua uamuzi bila hata kuingia katika ukweli wa tukio. Mtuhumiwa anarudi kazini. Anayemjali mlalamikaji ahakikishe utaratibu haukuruka hatua. Kamati ya nidhamu haihitaji ushahidi usioacha shaka kama mahakama ya jinai. Inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea kuliko kutotokea. Kamati zisizoijua tofauti hiyo huachilia mashauri mazuri.

Palipo na ubakaji au shambulio, usisubiri kamati. Hospitali kwanza: dawa za kinga dhidi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa; dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika hadi siku 5. Ukiweza, usioge kabla ya kuchunguzwa, na nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si kavera (mfuko wa plastiki), kwa sababu kavera hushika unyevu na unyevu huharibu vielelezo. Polisi hutoa fomu PF3A ambayo mtaalamu wa afya huijaza, lakini kukosa fomu kusicheleweshe matibabu. Huhitaji ruhusa ya chuo kwenda polisi, na kesi ya polisi haizuii shauri la nidhamu kuendelea. Simu ya bure 116 ya Sauti, iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, hupokea taarifa za ukatili.

Kwa ubaguzi usio wa kingono, kama mwanafunzi kiziwi kunyimwa mkalimani au mtu kukataliwa bweni kwa kabila lake, tumia sera ile ile, ukitaja ibara ya 21. Mwenye ulemavu ataje pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Chuo kisipojibu, ipo Tume ya Fursa Sawa, iliyowekwa na sheria ya 2007, na ipo Tume ya Haki za Binadamu. Zote mbili zinaweza kukuuliza kama ulianza chuoni. Ile nakala yenye muhuri ndiyo jibu.

Jambo la mwisho la kuangalia ni mipaka. Wanafunzi wengi wanalala kwenye hosteli binafsi za Kikoni, Banda au Kansanga, na wengine wako kwenye mafunzo ya kazi mbali na chuo. Tafuta kama sera inasema inafuata watu au inafuata uzio. Ikifuata uzio, mwenye hosteli na msimamizi wa mafunzo hawaguswi, na hapo Gildi, yaani serikali ya wanafunzi, ina kazi ya kufanya: kudai kwamba chuo kisiidhinishe hosteli wala kampuni ya mafunzo isiyotia sahihi kukubali sera hiyo.